Lugha ya Pili Inapoirudia ya Kwanza: Lafudhi ya Kiswahili Katika Vinywa vya Wenyewe

Mwanafunzi wa Kiswahili, awe wa Kenya au wa Tanzania, hafiki mbali katika somo la matamshi kabla hajakutana na makosa yatokanayo na lugha mama. Hapo atamkuta anayebadilisha r na l, anayesema "zambi" akikusudia dhambi, na yule ambaye baba yake hutanguliwa na nazali akawa "mbaba". Maelezo huwa ni yaleyale: ulimi umezoea sauti za nyumbani, na unapoingia katika lugha ya pili huingia na mazoea yake. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu tu ya jambo lenyewe. Lugha aliyojifunza mtu baadaye nayo hurudi nyumbani, ikaigusa ile aliyoanza nayo utotoni.

Nusu hii ya pili imekuwa suala la siku zetu. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huohuo Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea miongoni mwa lugha zake za kazi. Kwa hiyo Kiswahili kinasemwa mbele ya vipaza sauti vingi kuliko wakati wowote uliopita, na wengi wa wanaokisema humo ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo. Malalamiko nayo yameongezeka. Husemwa kwamba watangazaji vijana wana msamiati wa Kiswahili na ulimi wa Kizungu. Kwamba "asante" yao huishia na "ei", na "r" yao haigongi popote. Wapo wanaoyaita hayo maringo, wapo wanaoyaita usasa, na wapo wanaoyaita utumwa wa mawazo. Kabla ya kuhukumu ni vyema tujue ni kitu gani hasa kinachotokea ndani ya kinywa.

Wataalamu wa fonetiki wamelishughulikia jambo hili kwa muda. Mwaka 1987 James Flege alichapisha uchunguzi uliowahusu wanawake wa Kimarekani walioishi Paris miaka mingi, na wa Kifaransa walioishi Chicago. Alipima muda unaopita kati ya kuachiliwa kwa sauti t na kuanza kwa mtetemo wa nyuzi za sauti katika irabu inayofuata. Katika Kiingereza muda huo ni mrefu, na ndani yake hutoka pumzi inayosikika; katika Kifaransa ni mfupi. Aligundua kwamba t ya Kifaransa katika vinywa vya wale wanawake wa Chicago ilikuwa imerefuka kuliko ya Wafaransa waliobaki kwao, ilhali t ya Kiingereza ya wale Wamarekani wa Paris ilikuwa imefupika. Hakuna aliyekuwa ameisahau lugha yake. Sauti tu ndiyo iliyosogea.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, Michele Sancier na Carol Fowler walimfuatilia msemaji mmoja wa Kireno cha Brazili aliyekuwa akienda na kurudi baina ya nchi yake na Marekani. Alipokaa Marekani kwa miezi kadhaa, p na t zake zilirefuka hata katika Kireno. Alipokaa Brazili zilifupika tena, na za Kiingereza chake zikafupika pamoja nazo. Wasikilizaji wa Kibrazili waliweza kuisikia tofauti hiyo. Mwaka 2012 Charles Chang akaonyesha jambo la kushangaza zaidi: Wamarekani watu wazima waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza Kikorea walianza kubadilika katika matamshi ya Kiingereza chao ndani ya majuma machache. Haikuhitaji umahiri wala miaka ya uhamishoni.

Maelezo ya Flege yanafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Sauti za lugha mbili hazikai katika nyumba mbili. Hukaa nyumba moja. Sauti ngeni kabisa hupewa chumba chake na haimsumbui mtu. Ile inayofanana na sauti ya nyumbani ndiyo hupangishwa chumba kimoja nayo, na wapangaji hao wawili huishia kushirikiana tabia. Ndiyo maana tukitaka kujua Kiingereza kinaigusa wapi lafudhi ya Mswahili, tusizitazame sauti za ajabu za Kiingereza ambazo Kiswahili hakina. Tuzitazame p, t, k, r, e na o: sauti zinazoandikwa kwa herufi ileile katika lugha zote mbili, na ambazo mwandiko huo wenyewe humshawishi mtu aamini kuwa ni kitu kimoja.

Tuanze na p, t na k, kwa kuwa hapo ndipo penye maana kubwa kuliko panavyodhaniwa.

Kiingereza hutamka sauti hizi kwa mpumuo zinapoanza silabi yenye mkazo. Kiswahili cha pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, nacho kina mpumuo, lakini mpumuo wake una kazi: hutofautisha maneno. "Paa" la nyumba halina mpumuo. "Paa" wa porini anao. "Kaa" la moto halina. "Kaa" wa baharini anao. "Tembo" la mnazi halina. "Tembo" mwenye mkonga anao. Asili yake inajulikana. Nomino za ngeli ya N zilikuwa na nazali mwanzoni, na nazali hiyo ilipodondoka mbele ya p, t na k sighuna, iliacha pumzi mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo "ukuta" hutamkwa bila mpumuo, ilhali wingi wake, "kuta", huanza kwa k yenye pumzi.

Tahajia sanifu haionyeshi lolote katika hayo. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, aliuonyesha mpumuo. Wasanifishaji hawakufanya hivyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashughulika na tahajia, msamiati na vitabu. Jinsi Waunguja wanavyoitoa pumzi katika maneno yao haikuingia katika maandishi. Matokeo yake ni kwamba mamilioni waliojifunza Kiswahili kupitia ukurasa wa kitabu walikipata bila mpumuo, na watoto wao, ambao kwao Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, wamekirithi hivyohivyo. Mtoto aliyezaliwa Dodoma, wazazi wake wakikutana kwa Kiswahili kwa kuwa mmoja ni Mgogo na mwingine ni Mnyakyusa, ni mzawa wa Kiswahili kama alivyo mtoto wa Mkunazini. Tofauti yake ni kwamba hana mpumuo wa kutofautishia maneno. Sarufi humwokoa: "paa limevuja" na "paa amekimbia" haviwezi kuchanganywa.

Sasa mpeleke mtoto huyo katika shule inayofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Miaka kumi baadaye anasoma habari redioni, na p zake zinatoka na pumzi: "pata", "toka", "kata", zote. Kwake yeye hilo halina madhara yoyote, kwani hana jozi za kuvuruga. Msikilizaji wa Mombasa, kwa upande wake, anausikia mpumuo pasipo mahali pake. Na hapa ndipo unapoweza kutambua chanzo. Mashina ya vitenzi hayakuwahi kuwa na ile nazali ya ngeli, na kwa hiyo kitenzi cha pwani kinachoanza kwa p, t au k hakina mpumuo. Mtu akisema "pʰata" au "tʰoka", mpumuo huo haukutoka Unguja wala Lamu. Umetoka darasani. Ajabu ni kwamba kijana wa bara mwenye lafudhi ya aina hii huweza kusifiwa kuwa anatamka "kipwani", kwa sababu tu msifu amesikia kwamba Waswahili wa pwani hupumua katika konsonanti zao.

Kwamba ni Kiingereza, wala si lugha yoyote ya kigeni, kunathibitishwa na upande wa pili wa eneo letu. Lubumbashi ina wazawa wengi wa Kiswahili ambao lugha yao ya shule ni Kifaransa. Kifaransa hakina mpumuo katika p, t na k, na kwa hiyo hakuna kinachomvuta msemaji wa huko kwenda upande huo. Kinachoweza kumvuta ni r, ambayo Kifaransa huitoa nyuma ya kinywa, na mkazo, ambao Kifaransa huuweka mwishoni mwa fungu la maneno badala ya silabi ya pili kutoka mwisho. Lugha ya kwanza ni moja, ila jirani aliyehamia ndani ya nyumba ni mwingine.

Kuhusu r ya Kiingereza pengine hakuna haja ya maneno mengi. Ndiyo inayosikika kwa wepesi na ndiyo inayochekwa zaidi. R ya Kiswahili ni ya kugonga: ncha ya ulimi hugusa ufizi, mara moja au zaidi. Ya Kiingereza cha London au Chicago haigusi chochote. Lakini kwa watoto wa Waswahili wanaokulia Marekani kuna jambo la hila zaidi, na walimu wao wanapaswa kulijua. Kiingereza cha Marekani hubadilisha t inayokaa baina ya irabu yenye mkazo na irabu isiyo na mkazo, ikawa mguso wa haraka wa ulimi kwenye ufizi. Mguso huo, kwa sikio la Mswahili, ni r. Na kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, t nyingi za Kiswahili huangukia mahali hapohapo: "leta", "pita", "bata", "kuta". Kanuni ile ikihamia katika Kiswahili cha mtoto, bata atageuka kuwa bara, na kuta zitageuka kuwa kura. Mzazi anayemsikia hudhani mwanawe hajui t. Anaijua sana, ila anaitamka kwa kanuni ya lugha nyingine, na dawa yake ni kumfanya aisikie tofauti baina ya jozi hizo mbili. Kumkariri neno moja moja hakutamsaidia.

Irabu ni habari nyingine. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa kwa ukamilifu wake, iwe na mkazo au isiwe nao. Kiingereza hufanya kinyume: irabu isiyo na mkazo hufifia, mpaka a, e na o zikakaribia kuwa sauti moja hafifu. Katika Kiingereza hakuna kinachopotea sana, kwa kuwa neno hushikiliwa na silabi yenye mkazo. Katika Kiswahili silabi ya mwisho haina mkazo kamwe, isipokuwa katika neno la silabi moja, lakini ndiyo iliyobeba sarufi. "Anasoma", "hasomi", "asome": tofauti ya kauli, ukanushi na dhamira imo katika irabu ile ya mwisho ambayo ulimi uliozoea Kiingereza hutaka kuipitia juujuu. Kukanusha na kutaka, mambo mawili ambayo hakimu, daktari na mwalimu hawana budi kuyasikia barabara, hukaa kwenye ncha ya neno.

Neno "barabara" nililolitumia hivi punde ni mfano mwingine. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja ni "sawasawa". Jozi za namna hii ni chache, na kwa hiyo upotofu wa mkazo katika neno moja moja haujaleta hasara kubwa. Hasara iko katika mkazo wa sentensi nzima, na hapo nawaomba watafsiri watulie nami kidogo.

Kiingereza humruhusu msemaji kulikazia neno lolote ili kulipa uzito. Maneno hayabadiliki wala hayahami. Sauti tu ndiyo hupanda. Kiswahili hakitegemei sauti kwa kazi hiyo. Kina "ndi-", kina "ni", kina mpangilio wa maneno, kina kitenzi-jina. Juma amenunua gari. Kama swali ni nani, tutasema: "Juma ndiye aliyenunua gari." Kama swali ni kitu gani: "Gari ndilo alilolinunua Juma." Na kama tunakubali kwamba kununua kumetokea ila tuna la kuongeza: "Kununua alinunua, ila hajalipa." Msikilize sasa mtangazaji wa leo, au mhusika wa filamu iliyoingizwa sauti za Kiswahili: "JUMA alinunua gari." "Juma ALINUNUA gari." Maneno yamekaa palepale kama mawe, na sauti ndiyo inayopanda na kushuka juu yake. Hili kwa maoni yangu ni badiliko kubwa kuliko r zote za dunia. R isiyogonga huudhi sikio, lakini sentensi hubaki nzima. Mkazo wa namna hii huifanya zana nzima ya sarufi ikose kazi, na zana isiyo na kazi hupata kutu. Mtafsiri anayekuta herufi za mlazo katika mazungumzo ya riwaya ya Kiingereza asizihamishe tu kwenye neno la Kiswahili. Ajiulize zilikuwa zinajibu swali gani, kisha achague "ndiye", "ndilo" au "kununua alinunua".

Nirudi kwenye shutuma ya maringo, kwa kuwa haiwezi kupuuzwa. Lafudhi ya kujitwisha ipo. Vijana wa Nairobi wana jina lake, "tweng", na wanalitumia kwa dhihaka. Lakini lafudhi ya kujitwisha na lafudhi iliyosogea yenyewe ni vitu viwili, na sikio lenye subira huweza kuvitenga. Anayejitwisha huchagua sauti zinazosikika mbali: r, "ei" ya mwisho wa neno, kiimbo cha kupanda mwishoni mwa kauli isiyo swali. Huzitumia mbele ya kipaza sauti na huzivua anapogombana na kondakta. Aliyesogea hajui kuwa amesogea. Alama zake ni ndogo, kama ule mpumuo wa "pata", na humfuata anapohesabu fedha, anapoomba dua na anapomwita mtoto wake. Hata ukimwambia haisikii. Wa kwanza anaweza kushauriwa na mhariri wake aache, na akaacha kesho. Wa pili akikaripiwa atapata woga tu, na aghalabu mwenye woga wa lafudhi yake hukimbilia lugha ambamo hakaripiwi.

Wala jambo hili si geni katika Kiswahili. Zifikirie dh, th na gh. Kwa sehemu kubwa ziliingia pamoja na Kiarabu, lugha ya pili ya waliosoma vyuoni na ya waliofanya biashara na usafiri wa majahazi. Watu hao, ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili, walijifunza sauti za Kiarabu kwa ajili ya Kiarabu, kisha wakazirudisha nyumbani ndani ya maneno ya mkopo: "dhahabu", "thamani", "ghali". Kutoka kwao zikaenea kwa wasiojua Kiarabu kabisa. Leo sauti hizohizo ndizo mizani ya ufasaha. Anayesema "samani" akikusudia thamani huambiwa kwamba ametaja meza na viti. Hata hivyo si kila kilichokuja kilibaki. Kh ilipita katika "khabari" na "kheri", na tahajia sanifu imetulia kwenye "habari" na "heri", ingawa Unguja utaendelea kuisikia na "sabalkheri" imebaki nayo. Q ya Kiarabu haikupata makao kamwe. "Kadhi" anatosheka na k. Lugha ilipokea baadhi na kukataa nyingine, na kamati yoyote haikuwa imeketi bado.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba athari ya lugha ya pili ni kosa kwa kuwa tu ni athari. Tunachoweza kusema, na ninakisema bila kusita, ni kwamba mizani yetu ya sasa haiko sawa. Mtoto wa kijijini aliyekuja na "zambi" husahihishwa mbele ya wenzake, na lafudhi yake huandikwa katika somo kuwa ni athari ya lugha mama. Mtoto wa mjini anayekuja na "asantei" hasahihishwi. Huenda akachaguliwa kuwa mshereheshaji wa siku ya wazazi. Fonetiki ni ileile katika visa vyote viwili: sauti za lugha moja zimeingia katika nyingine. Tofauti ni bei ya lugha iliyoingia. Shuleni mambo huwa mabaya zaidi pale Kiswahili chenyewe kinapopigwa marufuku nje ya kipindi chake, na mwanafunzi aliyekitamka akavishwa kibao shingoni. Shule hiyohiyo baadaye hulalamika kwamba matokeo ya Kiswahili yameshuka.

Mwalimu anaweza kufanya nini? Kwanza, somo la athari lifundishwe pande zote mbili, na mifano ya upande wa pili itoke kwa wanafunzi wenyewe. Karatasi nyembamba mbele ya midomo inatosha kuonyesha mpumuo: ukisema p ya Kiingereza karatasi inatikisika, na kwa "pata" ya Kiswahili inapaswa kutulia. Zoezi hili ni la dakika tano, na humfaidi mwalimu wa Kiingereza pia, kwa kuwa tatizo la wanafunzi wake ni kinyume cha hili. Pili, irabu za mwisho zisomwe kwa sauti katika jozi za sarufi, "asome" na "hasomi", badala ya orodha za maneno yasiyo na uhusiano.

Wajibu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wetu sisi wa kamusi. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza kuukuza mradi wake wa Common Voice kwa ajili ya Kiswahili. Watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti, wengine huzisikiliza na kuzikubali au kuzikataa, na mitambo ya kutambua na kuzalisha usemi hufunzwa kwa mkusanyo huo. Ni kazi njema. Lakini mtu hujitolea akiwa na simu, intaneti na nafasi, na mwenye vitu hivyo vitatu aghalabu ni yule aliyesoma kwa Kiingereza. Anasoma kutoka katika tahajia isiyoonyesha mpumuo. Anayemthibitisha naye anatazama tahajia hiyohiyo, na akiona kwamba neno ni "paa" na limesikika "paa", hukubali. Mashine itajifunza kile kilichosemwa, na kesho itamsomea mtoto wa Lamu hadithi ya nyumba iliyoezekwa kwa swala.

Hakuna haja ya kubadilisha tahajia; hilo lingezua vita isiyo na faida. Kinachohitajika ni kwamba kamusi ya mtandaoni, ambayo haibanwi na ukubwa wa ukurasa, iweke alama ya mpumuo pembeni ya kidahizo, kwa h ndogo ya juu: pʰaa, kʰaa, tʰembo. Pia kila kidahizo chenye jozi kirekodiwe mara mbili: na msemaji wa pwani anayetofautisha, na msemaji wa bara asiyetofautisha, kila mmoja akitajwa kwa eneo lake. Na kabla ya msemaji yeyote kupokelewa, asomeshwe vitenzi kumi vinavyoanza kwa p, t na k: pata, piga, pita, taka, toka, tupa, kata, kaa, kopa, kuta. Vitenzi hivyo vikitoka na pumzi, rekodi zake zihifadhiwe kwa ajili ya utafiti, na kidahizo kitafutiwe sauti nyingine.